Mikia Isiyo na Viwiliwili

Juzi, katika kibaraza kimoja cha mtaa wa Mtendeni ninakokwenda kunywa kahawa, mtu mzima mwenye ndevu zake alitutangazia kwamba homa zinazotokana na panya zimeundwa ndani ya chupa, ili watu wapungue. Nilimuuliza ameyajulia wapi. Akajibu, "Mzee, hayo yanajulikana." Nikamwambia kwamba jambo linalojulikana huwa na mjuzi wake, basi amtaje. Wenzake wakacheka, yeye akaagiza kashata, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Simlaumu sana. Nimeuona ujinga wa namna hiyo ukiwa na cheo, mhuri na ofisi.

Miaka ile ya kuhamia katika vijiji vya ujamaa nilikuwa msaidizi wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kutega panya wa porini na wa majumbani, kuwapima, kuwapasua, na kuhifadhi damu na figo zao. Wakati huo hatukujua habari za virusi vya jamii ya hanta. Hayo niliyasoma baadaye, nilipokwisha kustaafu. Nilisoma kwamba kila aina ya virusi hivyo, kwa kawaida, ina mnyama wake mahususi. Imeishi ndani yake vizazi vingi mno hata haimuumizi tena, nayo hubadilika kidogo kidogo kadiri ukoo wa mnyama huyo unavyotawanyika. Mara chache huruka kwenda kwa mnyama wa ukoo mwingine na kuanza historia mpya. Wataalamu wa leo husoma maandishi ya urithi wa virusi hivyo, wakalinganisha, wakachora nasaba yao kama sisi tunavyohesabu mababu. Binadamu hupatwa kwa bahati mbaya, anapovuta vumbi la mkojo na kinyesi cha panya kilichokauka. Kwa hiyo mtu asemaye "panya" tu, bila kutaja ni panya yupi, hajasema kitu.

Kijiji ninachokikumbuka kilikuwa kusini mwa Tabora, katika nchi ya tumbaku. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao ya zamani na kupangwa katika mistari. Mahindi ya shamba la pamoja yalihifadhiwa ndani ya bani, yaani nyumba ndefu ya kukaushia tumbaku, ambayo mwenyekiti wa kijiji aliipenda kuliko nyumba yake. Wageni wote walipelekwa kuitazama. Masika yalipokwisha, watu watano waliugua homa kali, viuno vikawauma, mkojo ukawa haba na mwekundu. Wawili walikufa. Wote watano walikuwa wamefagia bani.

Hilo la kufagia hakuna aliyelitilia maanani. Kijiji kilikuwa kimekwisha kupata mkosaji wake: bibi mmoja mjane, mfinyanzi, aliyepewa nyumba ya mwisho kwenye mstari, jirani na bani. Siku aliyohamia, panya walitimka kutoka ndani ya kihenge chake cha nafaka mbele ya watu, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, akasema, "Serikali imehamisha watu, panya wangu wamejihamisha wenyewe." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Walipoanza kuugua, utani ule ule ukageuka ungamo. Bibi kakiri mwenyewe kwamba panya ni wake! Nimekutana na ushahidi dhaifu maishani, lakini huo ulizidi.

Mwenyekiti alipoandikiwa kwamba tunakuja kuchunguza panya, alifanya kile ambacho viongozi wa aina yake walikifanya kwa kila jambo: alitangaza kampeni. Kila kaya ilete mikia kumi. Tulipofika tulikuta mikia imetungwa kwenye kamba za magome na kutundikwa ukutani mwa ofisi kama shanga.

"Ndugu mtaalamu," alisema mwenyekiti, "kazi yenu tumekwisha kuimaliza."

"Viwiliwili viko wapi?"

"Vimetupwa. Mkia si ushahidi tosha? Au wewe ulitaka kitoweo?"

Uwanja mzima ulicheka, na tangu saa ile jina langu likawa Bwana Panya. Kila asubuhi mtu angenipigia kelele kutoka shambani: "Bwana Panya, leo unawala kwa ugali au kwa viazi?"

Kile walichokitupa ndicho kilichokuwa na maana. Panya mweusi wa darini hutambulika upesi kwa kuwa mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili chake. Huyo si mzaliwa wa Unyamwezi. Kwa kadiri wataalamu wanavyoweza kukisia, alipanda kutoka pwani ndani ya mizigo ya misafara, akishuka kila penye kambi na ghala. Panya wa mashambani, mwenyeji hasa wa nchi hii, mkia wake hauzidi kiwiliwili, na jike lake lina safu mbili ndefu za chuchu. Sasa umkate mkia mmoja na mwingine, utupe miili, kisha unionyeshe kamba! Mtu aliyetaka kuuficha ukweli kwa makusudi asingefanya kazi safi kuliko hiyo.

Nilitega mitego yangu mwenyewe, bani na nyumbani kwa bibi. Kufikia siku ya nne jambo lilikuwa wazi. Wa bani wote walikuwa panya wa mashambani. Wa bibi wote walikuwa panya weusi wa darini. Hakuna hata mmoja aliyevuka. Kilichowapata wale wafagiaji, kama kilitoka kwa panya, hakikutoka kwa panya wa bibi.

Daktari aliyekuwa mkuu wa msafara wetu alikuwa ametuamuru tusitamke lolote kijijini mpaka majibu ya maabara yarudi. Niliiona amri hiyo kuwa ya haki, na kwa sehemu kubwa ninaiona hivyo hata leo.

Siku ya kumi na mbili uliitishwa mkutano kuamua kama bibi abaki au aondoke. Mwenyekiti alinisimamisha.

"Bwana Afya, ugonjwa huu umeletwa na nini?"

"Bado hatujui."

"Mmesikia?" akawageukia watu. "Mtaalamu hajui. Ugonjwa asioujua mtaalamu una wenyewe wanaoujua."

Bibi aliinuka. Hakulia. "Baba," aliniambia, "umeingia kwangu asubuhi zote hizi. Umeona nini?"

Nikamjibu, "Bibi, uchunguzi unaendelea."

Kesho yake alipakiwa kwenye lori la mahindi, apelekwe kwa binti yake Igunga. Vyungu vyake vilibaki. Damu na figo tulizozituma hazikutupa jibu: barafu iliyeyuka njiani, vikaoza. Kwa hiyo sisemi kwamba ulikuwa ugonjwa wa hanta. Sina ninachoweza kuonyesha. Msimu uliofuata mfagiaji mwingine wa bani aliugua, na kijiji kikasema kwamba bibi anawatuma panya kutoka Igunga. Umbali wote huo! Hawakumfikiria hata panya mwenyewe, jinsi angechoka.

Baada ya miaka michache kazi ilinipeleka Igunga, nikamtafuta. Nilimkuta anachagua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata panya wangu?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ulilijua hilo siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na mkutano ulikuwa siku ya ngapi?"

Alijua. Akaniambia kwamba maneno ya kule yalimfuata kwa lori lile lile. Kwamba majirani hawapokei chakula mkononi mwake, na wajukuu wake hula peke yao wakienda kucheza kwa watu. Kurudi kijijini hataki. Anataka niyaseme yale niliyomwambia, pale pale, mbele ya majirani.

Sikuwa na ripoti, mhuri wala ruhusa ya mkuu yeyote. Binti yake aliwaita wanawake sita wa nyumba za jirani. Nilisimama uani nikawaambia kwamba nilitega panya kwa bibi huyu na kwenye ghala la kijiji kile siku kumi na mbili. Kwamba walikuwa aina mbili tofauti. Kwamba waliougua walifagia ghala, na hakuna aliyeugua nyumbani mwake. Chanzo cha ugonjwa, nilisema, sikijui. Haya mengine ninayajua.

Mmoja wao, mwanamke mnene aliyefunga khanga kiunoni, aliniuliza, "Wewe ulikuwepo siku walipomfukuza?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema hivi?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nikingojea barua."

Aliniangalia kwa dharau ambayo sijaipata kwa mtu mwingine tangu siku hiyo, nami niliistahili yote. Kisha akaenda kuketi kwenye mkeka wa bibi, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchagua mawe.