Nyota za Pembeni

Kazi yangu Butembo ni kupiga picha za ndoa na komunyo, yaani kuwachekesha saa tisa watu waliogombana asubuhi. Basi afisa mmoja wa serikali, aliyeletwa Beni kutoka Kinshasa, aliponiagiza picha kubwa ya mbingu ya kutundika katika bureau yake, nilivimba kichwa. Mbingu tunayo ya kutosha. Umeme ukikosekana kila usiku, nyota hazikosekani.

Mama aliomba jambo moja tu: naye aonekane. Maisha yake yote hajaingia ofisi ya serikali ila kwa kungojeshwa. Nikamsimamisha uani, pembeni mwa picha, na taa mkononi, nikamwambia asitikisike kwa muda wa Salamu Maria mbili, kwani mwanga wa nyota huingia polepole katika kamera. Yeye, ambaye hata katika misa hatulii, akasali tatu.

"Ya tatu ni ya Serikali," akasema.

Katikati picha ilitoka safi. Pembeni, lenzi yangu ya mitumba ilizivuta nyota mpaka zikaota mabawa kama kumbikumbi. Usiku wa pili nikabana tundu la lenzi lipitishe mwanga mdogo: nyota zikanyooka, mama akazama gizani. Nikachagua mabawa.

Afisa akaikagua.

"Ndeko, ndugu yangu, katikati iko bien. Mais huku pembeni nyota imepinda, iko mubaya. Kata."

Nami, fundi mwenye msimamo, nikakata. Pembe zote nne zilikwenda, na mama pamoja nazo. Sikumwambia.

Siku ya kutundika mama akashuka nami Beni kwa moto, yaani pikipiki, na kitenge chake cha Pasaka, vumbi lote likitua juu yake. Akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu kuliko zile Salamu Maria tatu.

"Mutoto wangu, miye niko wapi?"

Afisa akawahi kunisaidia. "Mama, uko tu pale pembeni. Kidogo inje."

Mama akaweka kidole ukutani, nje ya fremu, pale rangi ilipobanduka.

"Donc niko hapa?"

Niliona haya.

Mwezi uliofuata nilimsimamisha tena uani, katikati kabisa. Nyota zikapinda pande zote. Sikukata hata moja. Picha iko sebuleni kwake, na mgeni akithubutu kuuliza habari za yale mabawa, mama humkatiza.

"Hapana kuangalia nyota. Angalia miye."