Jina la Otieno Ukutani

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, wacha leo niitoe, mcheke tumalizane.

Nilikuwa naandika programu za simu kwa ofisi ndogo pale katikati ya jiji, ghorofa ya sita, miaka ile simu za kugusa kioo ndio zinaanza kuonekana mjini, na dawati langu lilitazamana na la Otieno. Mchana jua likiingia dirishani linamkalia mabegani, na mimi vidole viko kwenye kibodi lakini roho imeshaenda, tunatembea naye polepole huko Loresho chini ya miti, hatuna haraka, hata hatuongei. Sasa kila kipande cha programu lazima ukipe jina, na mimi (jamani, nani husoma hayo majina?) kile cha kusubiri jibu nikakiita subiriOtienoAcheke, na cha kupeleka nyama kwa mteja nikakiita tembeaNaOtieno.

Programu ilikuwa ya Mama Wairimu, mwenye bucha tatu, nyama anatoa machinjioni Dagoretti, alitaka wateja waagize kwa simu. Siku ya kumwonyesha, bosi wetu Bwana Mehta akaunganisha kompyuta na projekta ili mama aone kila kitu. Nikabonyeza "Agiza". Programu ikaanguka, na ukutani ikashuka ile orodha kompyuta hutoa ikitokea hivyo: mstari wa juu ni pale ilipoangukia, wa chini yake ni kipande kilichokituma hicho cha juu kazi, unashuka hivyo hivyo ukitafuta mambo yalianzia wapi.

Mama Wairimu akavaa miwani.

"Tembea na Otieno," akasoma polepole. "Subiri Otieno acheke. Huyu Otieno ni nani?"

"Ni mimi, mama," Otieno akasema.

Bosi akanigeukia. "Brenda, hii ya kucheka inafanya kazi gani?"

"Inasubiri seva, ile kompyuta kuu, ijibu," nikasema, na ilikuwa kweli, lakini sauti ilitoka kama ya mtu yuko chini ya maji.

Otieno hakucheka. Aliinuka akaenda ukutani, akafuata mistari kwa kidole, herufi zikimpitia usoni na kwenye shati, na mimi (mjinga ni mjinga) bado namwona amependeza.

"Imeangukia hapa juu," akasema. "Imetafuta anwani ya mteja, ikakosa. Hatukujaza anwani."

Nikarekebisha hapo hapo, ikakubali, mama akaridhika. Tukiwa peke yetu kwenye ngazi, Otieno akaniambia, "Mimi nina mchumba, Brenda. Lakini ungeniambia tu, singekucheka." Nikasema sawa, nikashuka ghorofa zote sita kama naelea, sikumbuki ngazi hata moja.

Siku hizi vipande vyangu vinaitwa tumaOda, pimaUzito, basi. Na mtu akinipendeza namwambia mwenyewe, kwa mdomo, kabla sijaandika chochote.