Mzimu wa Bweni na Mama Mdogo

Jamani, leo mama mdogo kanyamazisha banda zima la video hapa Nachingwea, na mimi mpaka sasa sijatulia.

Alikuja sokoni kutoka Mnero. Mvua ikatukimbiza, tukajibanza bandani. Kumbe wanaonyesha filamu ya kibongo ya kutisha: wanafunzi wa bweni wanaandamwa na mzimu wa mwenzao.

Sauti nawapa hongera. Mlango ukilia tu, mwili unasisimka.

Lakini mzimu wenyewe kapakwa unga! Na wale wanafunzi, wakisikia kelele wanatawanyika, kila mtu gizani peke yake. Nani anafanya hivyo? Tulicheka sana.

Kisha mzimu ukaenda kwao, ukagonga dirisha. "Mama, nifungulie."

Mama yake akajificha uvunguni. Vijana bandani wakapiga kelele, "Usifungue!"

Mama mdogo akasimama. "Mfungulie! Mwanao huyo!"

Kimya.

Binti wa mama mdogo, Skola, alifariki mwaka juzi akiwa bweni. Mimi, na kucheka kwangu kote, hata sikukumbuka.

Nikamnong'oneza, "Mama mdogo, tutoke?"

"Kaa. Nataka nione kama atamfungulia."

Hakumfungulia. Mzimu ukachomwa moto, watu wakapiga makofi.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Mama mdogo akajifunga khanga yake vizuri, akasema taratibu, "Aliyetunga hii hajawahi kuzika mtoto."

Nimemsindikiza kwenye gari la kurudi Mnero.

Nyie mngemwambia nini?