Nilivyompeleka Komandoo Mgori

Kilichonitoa nyumbani ni mdomo wangu mwenyewe. Mama mkwe alipokuja kwetu Utemini, Singida mjini, kutibiwa meno, nilimsimulia kwamba paka wetu, Komandoo, aliua nyoka mkubwa karibu na choo. Nilisimama katikati ya sebule nikaonyesha kwa mikono jinsi paka alivyoruka. Ukweli ni kwamba nyoka yule alikanyagwa na bodaboda. Komandoo alimkuta ameshakufa, akamnusa, akaenda zake kulala. Lakini nani anajisifu mbele ya mkwe kwa paka aliyenusa?

Mwishoni mwa Novemba mama mkwe akapiga simu kutoka kijijini kwake, Mgori.

"Baba Selemani, panya wameingia kwenye stoo yangu ya mbegu. Na sasa kuna kitu kinapuliza fuuu nyuma ya magunia. Mvua iko karibu, nami siwezi kuingia kuchukua mbegu. Niletee yule paka."

Kazi yangu ni kutengeneza simu, na siku hiyo nilitamani ya kwangu ingekuwa mbovu. Mke wangu, Hadija, alikuwa amesikia kila neno.

"Utamwambia mama ukweli, au utapeleka paka?" akauliza.

"Nitapeleka paka."

"Haya. Safari njema," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Nilijivuta wiki nzima. Hatimaye, saa kumi na mbili asubuhi, safari ilianzia chini ya kitanda, alikojificha Komandoo. Ilinichukua nusu saa na mikwaruzo minne kumwingiza kwenye tenga la kuku. Nikafunika mdomo wa tenga kwa kipande cha chandarua, nikapanda bodaboda mpaka stendi.

Stendi ya Singida Mjini, konda wa gari la Mgori alipokea tenga ili aliweke juu ya keria pamoja na mizigo mingine. Tenga likalia nyau. Nusura aliachie.

"Mzee, huyu si kuku!"

"Ni paka."

"Mgori hakuna paka mpaka watoke mjini?"

Abiria wakacheka. Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema kwamba huyu si paka wa kawaida, nikaanza upya habari ya nyoka, tenga la Komandoo nikiwa nimelipakata mapajani. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Alimng'ata wapi? Kichwani au mkiani?"

"Katikati," nikajibu.

"Mh," akasema, akageukia dirishani.

Tulipoacha lami, gari likaanza kuruka kwenye makorongo, na paka wa vita akanikojolea suruali. Sikuwa na nyingine. Njia nzima iliyobaki hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu nyoka.

Saa sita mchana niliingia uani kwa mama mkwe, tenga nikiwa nimelishika mbele kuficha suruali. Nikachutama kwa mbali kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wajukuu zangu hawajambo? Hadija je?"

"Hawajambo wote, mama."

"Na huyu ndiye mwenyewe?" Akainama kumtazama Komandoo kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata kwake, akaenda kumletea maziwa. Mimi nililetewa ugali wa uwele na mlenda, baada ya paka kuhudumiwa.

Nilipokuwa bado nanawa mikono, majirani walianza kufika. Wa kwanza alikuwa Mama Petro, jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nyuma yake walikuja vijana watatu, wake zao, na watoto sijui wangapi. Mama Petro akaniambia, "Wiki nzima tumetaka kuingia na fimbo, mama mkwe wako akatukataza. Anasema mkwe wake ana paka muua nyoka, tusubiri."

Sikuwa nimefikiri kwamba mtu angesubiri.

Saa nane tukakusanyika mbele ya stoo. Ni kijumba cha udongo chenye paa la bati, kimeegemea ukuta wa chumba cha mama mkwe. Nikafungua mlango kidogo, nikamsukuma Komandoo ndani, nikafunga. Baada ya muda tulisikia fuuu, kisha kishindo, kisha Komandoo akatokea kwenye nafasi kati ya ukuta na bati, manyoya yamemsimama, akapanda juu ya paa na kukaa huko.

"Ameshamaliza?" akauliza Mama Petro.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Aibu ikanisukuma kufanya jambo ambalo akili isingelikubali. Nikawasha tochi ya simu, nikaingia mwenyewe.

Nilimwona kati ya magunia mawili, ameinua kichwa na kutanua shingo. Alikuwa swila, nyoka anayetema sumu machoni. Nasikia kwamba nilipiga kelele. Mimi sikumbuki kelele. Nakumbuka paji la uso likigonga kizingiti, kiatu kimoja kikibaki ndani, na mimi nikijikuta nimesimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe upande wa pili wa ua, bila kujua nimepandaje.

Mama mkwe ndiye aliyenikimbilia. Alisahau kabisa habari za mkwe na heshima, akanishika miguu, akaikagua.

"Amekuuma? Amekutemea? Sema, mwanangu!"

Nikashindwa kuendelea na uongo.

"Hajaniuma, mama. Lakini paka huyu hajawahi kuua nyoka. Nilisema uongo."

Akaniachia miguu. Akasema neno moja kwa Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu nakipata nusu nusu, lakini lile nililipata lote.

Kuanzia hapo kazi iliongozwa na Mama Petro. Mimi niliambiwa nikae na watoto. Vijana walitoboa tundu nyuma ya stoo, naye Mama Petro akachoma pilipili kavu juu ya makaa ndani ya sufuria kuukuu, akaisukuma mlangoni kwa mti mrefu. Sote tukakohoa. Haukupita muda, swila akatoka kwenye tundu, akapotelea kwenye uzio wa minyaa kabla fimbo haijamfikia.

Moshi ulipoisha, vijana wakatoa magunia. Moja tu lilikuwa limetafunwa kwenye pembe. Mtama na alizeti vilikuwa vizima, na kiota cha panya kilikuwa kitupu.

"Panya wote ameshawala," akasema Mama Petro.

Mama mkwe akachota mtama kiganjani, akaupuliza vumbi. "Kumbe nyoka ndiye alikuwa kazini." Kisha, bila kunitazama: "Hata nyoka amenifaa, mkwe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka.

Jioni, jua linashuka, nilimkuta jikoni nikamwomba radhi. Aliendelea kuchekecha unga mpaka maji ya ugali yakachemka.

"Sina ugomvi na paka," akasema. "Paka ni paka. Lakini wiki nzima nimelala, ukuta tu kati yangu na swila. Kila nikimsikia anapuliza, najiambia, tulia, maneno ya mkwe wangu ni ya kweli."

Nikamsaidia kuchochea moto, jambo ambalo mkwe hafanyi, naye akaniacha.

Asubuhi, wakati wa kurudi, Komandoo alikuwa ameshashuka paani, lakini alikataa kuingia kwenye tenga.

"Muache," mama mkwe akasema. "Nyoka ameondoka, panya watarudi. Atajifunza." Akaingiza kuku mtetea kwenye tenga. "Huyu ni wa wajukuu. Si wako."

Utemini nilifika mchana. Hadija alikuwa ameshapigiwa simu. Habari yote alikuwa nayo, hata ya mkokoteni. Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani uongo wa paka ni mchezo wa kuchangamshia chai, kumbe kuna mtu aliuchukua akalala nao.

Wiki tatu baadaye, mvua ikiwa imeshanyesha na mtama umechomoza, mama mkwe akapiga simu.

"Paka wako amekamata panya."

Nikasimama. "Mkubwa?"

"Mdogo. Kama kidole gumba. Na alikuwa anachechemea."

"Sawa, mama."

"Nimekwambia ili ujue, baba Selemani. Ukiwasimulia wenzako huko, usimuongeze."