Njuga za Mama Mariamu: Baraka, Bukavu na Kurudi

"Huyu? Huyu afundishe ngoma? Siku ya ndoa yake alikanyaga bibi-arusi, akaomba radhi, akamukanyaga tena!"

Hayo ni maneno ya Musafiri, karani wa ofisi ya kodi, aliyoyasema juu yangu sokoni Baraka mbele ya bamama waliokuwa wanauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Shemeji yangu Ramazani, mwenye mtumbwi mkubwa wa mizigo, yeye alisema nikisafiri kwenda Bukavu sitavuka hata kijiji cha Makobola kabla ya kugeuka nyuma kuuliza nyumbani wamepika nini. Na Mama Mariamu, mkubwa wa ngoma ya wanawake, alinitazama miguu tu, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayechagua samaki na kuwaacha. Hilo liliniuma kuliko yote.

Leo diploma yangu imetundikwa ukutani ndani ya kioo, na kila anayeingia kwangu huiona kabla hajaona kiti. Mimi mwalimu Asukulu, mtoto wa mvuvi, sikubebwa na mtu. Nilijibeba mwenyewe. Ni kweli nilijibeba ndani ya koti la Ramazani na viatu vya Musafiri, vyote vya kuazima, lakini miguu ilikuwa yangu, na ndiyo iliyoniletea taabu yote ninayotaka kuwasimulia.

Safari ilianza hivi. Mwalimu aliyekuwa anafundisha ngoma na michezo ya kuigiza katika shule yetu ya misheni aliacha kazi, akaenda Kilembwe kufanya biashara. Filimbi yake nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu nayo. Miezi michache baadaye direkta wa shule alituita akasema kuna mafunzo Bukavu kwa walimu wote wa ngoma na maigizo, muhula mzima, na anayefaulu anapewa diploma. Niliposikia neno hilo sikusikia mengine. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Kila mwalimu aende na ngoma moja ya kwao," direkta alisema, "na vyombo vyake. Na ukirudi, Asukulu, sherehe ya mwisho wa mwaka iko mikononi mwako. Ukishindwa, nitakurudisha kwenye shamba la muhogo la shule."

Nilikuwa nimesimamia shamba lile miaka miwili. Sikutaka kuliona tena.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Mariamu kuazima njuga zake za miguuni. Alizitoa ndani ya kikapu, akazitikisa karibu na sikio, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unajua njuga zinarudishwa namna gani?"

Nani wa Baraka asiyejua? Njuga za kuazima hazirudishwi mkononi. Aliyeazima huzivaa pale anaposhuka kutoka safarini, akacheza njia nzima mpaka mlangoni kwa mwenyewe, watu wote wasikie kwamba zilifanya kazi. Ukizileta mkononi, umesema zililala bure, na toka siku hiyo hakuna mtu wa ngoma atakayekuazima hata kijiti. Na mwalimu wa ngoma asiyeazimwa kitu atafanyia sherehe nini? Shule haikuwa na njuga hata moja.

"Najua, mama," nikasema. "Nitacheza mpaka mutachoka kutazama."

"Kuchoka tutachoka," akajibu.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda kamyo ya wafanyabiashara wa samaki, nimekaa juu ya magunia, koti la Ramazani limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Katika kijiji cha Nundu watu walinipungia mkono wakidhani mimi ni mhubiri, nami nikawabariki kidogo. Tulipofika Makobola kamyo ilisimama kupakia ndizi. Nikakumbuka maneno ya shemeji, na kwa kweli harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, ilikuwa inatoka katika nyumba moja pale njiani. Nikashika ubao wa kamyo kwa mikono miwili. Kamyo ikaondoka na mimi ndani. Huo ulikuwa ushindi wangu wa kwanza, na nilimweleza dereva tulipofika Uvira, naye akaniuliza kama nina homa.

Toka Uvira tukapita tambarare ya Ruzizi mpaka Kamanyola. Mbele yetu ilisimama milima ya Ngomo, ambako kamyo zinazopanda husubiri kwenye kizuizi mpaka zinazoshuka ziishe, kwa maana njia ni ya gari moja tu, na upande mmoja ni shimo. Wenzangu walifumba macho. Mimi sikufumba. Niliyafunika kwa kofia.

Bukavu nilifikia mtaa wa Kadutu, kwa Mama Feza, mjane aliyekuwa anapangisha chumba. Baridi ya kule inaingia hata ndani ya maji ya kunywa. Usiku wa kwanza nilivaa njuga nijaribu hatua mbili tatu, na Mama Feza akagonga ukuta.

"Mwalimu! Unaponda muhogo saa hii?"

"Ni ngoma ya kwetu, mama."

"Basi kwenu muna huzuni nyingi."

Siku iliyofuata mafunzo yalifunguliwa katika ukumbi wenye sakafu ya saruji. Mkufunzi wetu alikuwa mwanamke Mbelgiji mwembamba tuliyemwita Mamzeli. Kila mwalimu alisimama kuonyesha ngoma yake. Walipita watu wanaocheza kama maji yanavyoteremka. Ikaja zamu yangu. Njuga zililia upande mmoja, miguu ikaenda upande mwingine, nikamalizia juu ya mapaja ya mwalimu mmoja wa Kabare. Mamzeli aliuliza kwa upole ngoma yetu inaonyesha kitu gani. Nikamwambia inaonyesha mtu aliyekanyaga siafu. Akaandika. Nawaomba radhi Babembe wote, wenye ngoma ile, lakini sikuwa na jibu lingine karibu.

Ningerudi nyumbani wiki ile kama Mamzeli asingeleta chaki. Njia yake ya kufundisha walimu ilikuwa hii: huchora nyayo sakafuni, mguu wa kushoto mweupe, wa kulia mwekundu, na mshale wa kuonyesha uendako. Ngoma yoyote, hata ya mbali, huandikwa chini, na mwalimu huisoma kwa miguu. Kusoma! Hapo walikuwa wameniita kwa jina langu. Wenzangu, waliocheza tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, walijikwaa kwenye zile alama kama mbuzi kwenye ngazi. Mimi nilipita juu yake safi, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, mikono kiunoni. Nikawa wa kupigiwa mfano. Nikaandika ngoma yetu nzima ya Baraka kwa nyayo, nikaicheza bila kosa, na yule wa Kabare alinipigia makofi kwa moyo wote, nadhani kwa sababu safari hii nilikuwa mbali na mapaja yake.

Kwenye maigizo nilipewa kuwa maiti. Wengine wangekasirika. Mimi nilijiambia kwamba maiti ndiye mtu ambaye mchezo wote unamlilia. Mamzeli alitufundisha kwamba watazamaji wakae kwenye viti, wanyamaze, wasiingie mchezoni hata wakiguswa. Nililala vizuri mpaka inzi akaja. Nilipopiga chafya, mjane wangu alikimbia kweli, na watazamaji wale wa kunyamaza wakacheka mpaka pazia likafungwa kwa nguvu. Hata hivyo nilifaulu. Diploma ina jina langu lote, na muhuri mkubwa kama sahani.

Wakati wa kurudi ndipo hofu ilipoingia. Nilijua jambo moja ambalo muhuri haukuliandika: bila nyayo za chaki chini yangu, nilikuwa yule yule wa siafu. Nikajaza njuga pamba moja moja, zisipige kelele, nikazitia ndani ya mfuko.

Uvira nilimkuta Ramazani anapakia chumvi ndani ya mtumbwi wake. Alinishika mabega, akaligeuza koti lake huku na huku.

"Shemeji! Umerudi muntu! Njuga ziko wapi? Mbona hazisemi?"

"Zinapumzika, shemeji. Zilifanya kazi nyingi."

"Basi tukifika zitaamuka. Mama Mariamu anauliza kila siku."

Tulipokaribia Baraka niliona watu wamekwisha kusimama ufukweni, Musafiri mbele yao, anatazama viatu vyake miguuni mwangu kwa mapenzi. Ningeweza kucheza palepale mbele ya watu wachache, nikaanguka, yakaisha. Lakini diploma ilikuwa mkononi, na mdomo wangu haukuomba shauri kwangu.

"Muntu wa diploma hachezi mbele ya wavuvi watano na mbwa!" nikapaza sauti. "Nitacheza siku ya soko, bantu bote wakiwepo!"

Wakashangilia. Mfuko wa njuga nikauacha ndani ya mtumbwi, ili kwa desturi uhesabiwe kuwa bado uko safarini. Nilipofika nyumbani nilijifunika blanketi mchana wa jua kali, na bibi yangu Nyassa, mama wa mtoto wetu Riziki, akauliza kama Bukavu nilipata malaria.

Siku ya soko niliamka kabla ya jua. Chaki haishiki kwenye udongo wetu mwekundu, hilo nilikuwa nimelijaribu. Ila unga wa muhogo ni mweupe kuliko chaki.

"Mama Riziki," nikamwambia Nyassa, "nipatie unga."

"Wa bugali?"

"Wa miguu."

Aliweka mikono kichwani. "Baba Riziki, Bukavu walikufanya nini?"

Lakini alinipa kikapu kizima. Nikainama toka ufukweni, nikachora unyayo baada ya unyayo, nikapita nyuma ya soko, mpaka mlangoni kwa Mama Mariamu. Ilikuwa kazi nzuri sana. Mamzeli angelia. Nikarudi nyumbani kunawa, nikavaa koti, nikavaa viatu, nikashuka ufukweni kama waziri.

Watu walikuwa wamejaa pande mbili za njia. Ramazani akaniletea mfuko, nikatoa pamba, nikafunga njuga juu ya viatu. Wanawake wa Mama Mariamu wakaanza kupiga ngoma. Nikainua kichwa, nikatazama chini kusoma mstari wangu wa kwanza.

Kuku wa Baraka nzima walikuwa wanakula hatua zangu.

Walikuwa wamekwisha kumaliza karibu njia yote. Nyuma yao mabata yalikuwa yanasafisha. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama juu ya mguu wangu wa kulia, analamba. Zilibaki nyayo nne tu mbele yangu, na jogoo mwekundu alikuwa anazijia.

"Mwalimu!" Musafiri akaita. "Tunangoja! Ama miguu ingali Bukavu?"

Nilirukia zile nne kabla ya jogoo. Moja, mbili, tatu, na ya nne akaidonoa nikiwa hewani. "Shu!" nikapiga mguu chini kwa hasira. Njuga zikalia vizuri ajabu. Jogoo akaruka pembeni, akarudi. "Shu!" nikampiga na mguu mwingine. Yeye kushoto, mimi kushoto, yeye kulia, mimi nyuma yake, koti linapepea, kila kuku ninayemfikia nampigia mguu, "Shu! Shu!" Sikuwa nacheza, wapenzi wasomaji. Nilikuwa napigania shule, na nilikuwa naliona shamba la muhogo mbele yangu.

Kisha nikasikia kitu. Ngoma za wanawake zilikuwa zimebadilika, zinafuata miguu yangu. Kila nilipopiga, zilipiga. Na watu, wale ambao kwa sheria ya Mamzeli wangenyamaza kwenye viti, wakaitikia soko zima: "Shu!" Mama mmoja akaweka chini kapu la ndagala akaingia njiani na yeye, akimfukuza bata. Mwingine akaingia. Shemeji Ramazani, mwenye tumbo lile, akaingia. Nikaacha kutafuta unga chini. Sikuwa na nafasi ya kutafuta, kwa kuwa walikuwa wananisukuma kwa nyuma, na mguu uliposhuka ulikuta ngoma inaungoja.

Tukafika mlangoni kwa Mama Mariamu na vumbi juu yetu wote, jogoo mbele.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Alinitazama miguu, kwanza mmoja, halafu mwingine.

"Hiyo ndiyo wanafundisha Bukavu?"

"Ndiyo, mama," nikasema, nahema. "Muhula mzima."

"Hm. Ile ya kuku pia?"

"Ile ndiyo ngumu kuliko zote."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akainama, akazifungua njuga mwenyewe miguuni pangu, mbele ya watu wote, akazitikisa karibu na sikio.

"Zimeimba," akasema.

Hapo hapo nilivua koti nikamrudishia Ramazani. Lilikuwa limechanika kwapani na lina unga mgongoni, lakini alilivaa palepale, na bado anawaonyesha watu ule mpasuko. Nilivua viatu nikampa Musafiri. Soli moja ilikuwa inafungua mdomo. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Basi. Bibi-arusi alikuwa na bahati, alikanyagwa na muntu mukubwa." Nami nilisimama pekupeku, sidaiwi na mtu yeyote Baraka.

Tangu hapo nimewafundisha walimu wa eneo letu la Fizi nyayo za Mamzeli kwa chaki, na nafundisha vizuri, diploma si ya bure. Ila wakishajua kusoma, nafuta sakafu yote na kuwaambia wacheze.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Nilikuwa nimegeuka niende nyumbani Mama Mariamu aliponiita. Wanawake wake walikuwa wanatoka ndani na vikapu, wakaviweka mbele yangu: njuga za kundi zima.

"Za sherehe ya shule," akasema. "Chukua zote."

Nilishukuru mpaka nikapiga goti. Halafu nikavihesabu vile vikapu kwa macho, nikatazama njia yote toka shuleni mpaka mlangoni pake.

"Mama, na hizi zote zitarudije?"

"Mwalimu," akasema Mama Mariamu, akiketi vizuri kwenye kiti chake, "si wewe mwenye diploma?"