Wimbo wa Tano Dukani kwa Seleyian

Duka la Seleyian liko Noonkopir, hapa Kitengela, mlango wake unatazamana na wangu, na linauza chakula cha kuku na ng'ombe. Ukiingia lazima upige chafya. Magunia ya pumba yamepangwa ukutani hadi karibu na dari, na hayo magunia ndiyo yaliyoanzisha mambo yote. Siku moja aliweka spika katikati ya duka, akafungulia albamu mpya ya bendi fulani ya Nairobi, akaja kunivuta kutoka kwenye cherehani yangu.

"Ndunge, kuja usikie. Hizi magunia zinakunywa mwangwi yote. Hakuna studio iko na hii sauti."

Mimi ni fundi wa nguo, sijui mwangwi hunywewaje. Lakini nilimsikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kuanza, nikageuka nyuma kuangalia ni nani.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alasiri watu hukusanyika pale kusikiliza albamu iliyotoka wiki hiyo. Si hizi nyimbo za kila redio. Ni vijana wanaoimba Kimaa juu ya magitaa yanayokwaruza, au msichana wa Athi River anayenong'ona albamu nzima kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Watu hukaa juu ya magunia na simu zote huingia kwenye debe la kupimia pumba. Sheria ni za Seleyian: albamu inachezwa mwanzo hadi mwisho, hakuna kuruka wimbo, hakuna kuongea. Ikiisha kila mtu anatoa maoni. Yeye husema wa mwisho, akijirekodi, na sauti yake inatumwa kwenye grupu yenye watu mpaka Isinya na Kajiado mjini.

Naye ulimi wake hauna breki. Roy, kijana wa kuchomelea vyuma, alileta albamu yake mwenyewe, akaambiwa mbele ya watu: "Roy, nyimbo ya kwanza ni tamu. Hizo zingine ni hiyo ya kwanza imevaa nguo za kuazima." Roy alinuna karibu mwezi mzima, kisha akarudi akakaa kwenye gunia lake. Wanamwogopa na hawamwachi. Nilimwonya kwamba ulimi huo utamrudia siku moja. Alicheka akasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Sasa nije kwa kaka yake. Alikufa mwaka juzi kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Namanga, akikaribia kwao Kisaju. Jina lake sitaliandika. Kwa Wamaasai wa zamani, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena masikioni mwa watu wa nyumba yake. Vijana wengi siku hizi hawajali, na mama yake Seleyian ni Mkristo wa kuimba kwaya, lakini kwa hilo hajabadilika. Kwenye mazishi mchungaji alilitaja jina kwenye kipaza sauti, akalirudia kwa mbwembwe. Mama aliinuka, akatoka nje ya hema, akaenda kukaa zizini peke yake. Hakumsemesha mtu, hata Seleyian binti yake, mpaka mvua za mwaka huo ziliponyesha. Seleyian aliniambia miezi hiyo ilikuwa kama kuzika watu wawili.

Na huyo kaka alikuwa na rafiki, Nzioka, ambaye ni Mkamba kama mimi. Kwetu jina la mtu halizikwi. Tunampa mtoto, tunaliita uani asubuhi na jioni, na bibi kizee akilisikia anafurahi kwamba aliyeondoka bado anatumwa maji. Nzioka alifanya kazi na huyo kaka kwenye shamba la maua Isinya, na wawili hao ndio walioanzisha bendi. Jumapili alikuwa akifika langoni Kisaju, anaogopa mbwa, anasimama nje na kuita jina la rafiki yake kwa sauti yote. Mama angejibu kutoka jikoni bila hata kuinuka: "Hayuko! Ingia unywe chai." Hata kama mwanawe yuko ndani amelala, jibu lilikuwa hilo hilo. Alijua wakishapatana wataondoka na gitaa na chai itapoa.

Mwaka huu Nzioka alimaliza albamu waliyoianza pamoja. Siku ya Jumanne alimletea Seleyian kwenye flash, aisikie kabla haijatoka. Nilikuwa pale nikipima pazia la mlango. Seleyian alivaa vipokea sauti, akasikiliza akitikisa kichwa, akitabasamu kidogo, jambo ambalo ni nadra. Kisha uso wake ukabadilika. Alivivua vile vitu taratibu akaviweka juu ya mizani.

"Ya tano," akasema. "Anamwita. Chorus yote ni kumwita kwa jina."

"Anamwita vizuri?" niliuliza, maana sikuwa nimeelewa bado.

"Vizuri sana! Hiyo ndiyo shida. Na Yeyo anakuja Jumamosi."

Yeyo ni mama kwa Kimaa. Kumbe mama alikuwa amesikia kanisani kwamba gitaa la mwanawe liko ndani ya albamu hiyo, akasema atakuja kulisikia kwa masikio yake. Nilishauri aambiwe duka limefungwa. Seleyian alikataa. Mama alikuwa ameshatengeneza shuka jipya la safari hiyo.

Nzioka alirudi jioni hiyo, ameng'aa, anasubiri sifa. Alisimama mlangoni.

"Sasa? Imekuaje?"

"Toa jina," Seleyian akasema.

"Jina gani?"

"Unajua. Ile ya tano. Itoe."

Nzioka alicheka kwanza, akidhani ni maoni yake ya kawaida. Alipoona hakuna mzaha, sura ilimshuka. "Seleyian, nikitoa jina sina wimbo. Hiyo ndiyo roho ya album yote. Nimesimama kwa gate namwita. Hivyo tu."

"Yeyo akisikia atanyamaza tena. Wewe hukukuwa kwa hiyo nyumba."

"Nilikuwa kwa gate! Kila Jumapili! Huyo alikuwa ndugu yangu pia, na nyinyi mnataka nijifanye hakuzaliwa?"

"Usiniambie mnataka nini. Ni desturi."

"Na mimi sina desturi?"

Niliingilia kati nikamwambia kwa Kikamba apoze moyo. Alinijibu kwamba mimi Mkamba ningepaswa kuwa wa kwanza kumtetea. Moyoni nilikuwa upande wake, lakini machoni nilikuwa namwona yule mama zizini. Nzioka alichomoa flash yake kwenye kompyuta. "Jumamosi utasikia," akasema, akaondoka. Seleyian alimpigia simu Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Hakushika. Niliona akiuza pumba na kumpa mteja chenji ya mtu mwingine, yeye ambaye huwa hakosei.

Jumamosi watu walijaa kuliko kawaida. Mama alifika saa tisa na shuka lake jekundu jipya, shanga zote shingoni, na thamosi kubwa kwapani kwa sababu haamini chai ya mjini. Alinisalimu, "Takwenya." Nikaitika "Iko," na Kimaa changu kikaishia hapo. Vijana wote walimwinamishia kichwa mmoja mmoja awaguse. Nzioka alikuja wa mwisho, macho mekundu kama mtu ambaye hajalala. Aliinamisha kichwa naye. Mama aliuweka mkono pale utosini, akauacha muda mrefu.

"Umekonda," akamwambia. "Hukuji siku hizi."

"Kazi, Yeyo," alisema Nzioka.

Alimpa Seleyian flash bila kumwangalia. Nilikuwa karibu, nikamsikia Seleyian akinong'ona, "Umetoa?" Nzioka akajibu neno moja: "Weka."

Nilikasirika. Unamjibu mtu hivyo, na mama yake amekaa hatua chache kutoka kwenye spika? Nilikwenda kukaa kwenye gunia lililo kando ya soketi, nikaweka kiatu changu juu ya swichi. Sheria ni sheria, lakini stima ya Kitengela hupotea kila siku na hakuna ambaye angeshangaa. Seleyian aliniona. Aligeukia kompyuta yake, nikajua ameniruhusu.

Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Sijui zilikuwa nzuri au mbaya. Nilikuwa namtazama mama. Gitaa la mwanawe lilipoingia alilitambua mara moja, akafumba macho, vidole vyake vikawa vinapapasa kifuniko cha thamosi. Wa nne ukaisha. Seleyian alikuwa amesimama na kidole juu ya kitufe cha kuruka, yeye aliyewahi kumfukuza mtu dukani kwa kuomba wimbo mmoja urukwe. Jasho lilimtoka puani. Kisha akakiondoa kidole. Nadhani hakuweza, au aliamua kumwamini Nzioka. Mguu wangu mimi haukuondoka.

Wa tano ukaanza. Mbwa anabweka mbali, halafu gitaa peke yake, halafu Nzioka anaimba kwamba amefika langoni, jua ni kali, amekuja kumchukua mwenzake. Ngoma zikaingia, sauti ikapanda, ikapanda, nikajua sasa ndiyo hii, nikakaza kisigino.

Kila kitu kikanyamaza.

Ngoma, gitaa, sauti, vyote vilikatika, kwa muda ule ule ambao jina lingechukua kuitwa. Nilifikiri nimezima swichi mwenyewe. Nikaangalia chini, taa yake bado inawaka. Kisha muziki ukarudi, ukapanda tena, na palepale pa kuita ukanyamaza tena. Nzioka hakuwa ametoa wimbo wala hakuwa ameuziba kwa maneno mengine. Alikuwa amelichomoa jina peke yake na kuacha tundu. Na pale dukani, kwa yale magunia yanayokunywa kila mwangwi, tundu hilo lilitisha. Kila aliyemjua marehemu alilisikia jina lake kichwani, na hakuna aliyelitaja.

Nilimwangalia mama. Alikuwa amefungua macho, anatazama mlango wa duka, amekunja uso kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nje. Seleyian alikuwa ameshika meza. Muziki ulipanda mara ya tatu, ukanyamaza.

"Hayuko," akasema mama.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliye jikoni. Hakuna aliyegeuka. Roy aliacha kutafuna. Ubeti mwingine ukapita, Nzioka kwenye spika akapandisha sauti akiwa bado langoni, na Nzioka wa dukani alikuwa ameinamisha uso kati ya magoti. Kimya cha mwisho kilikuja, kirefu kuliko vyote.

"Ingia unywe chai," akasema mama.

Nilitoa mguu kwenye swichi. Nililia, sioni haya kusema, na nikatumia kitambaa cha mteja kujipangusa.

Nyimbo zilizobaki zilicheza mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzima.  Kwa kawaida hapo ndipo mabishano huanza, huyu anasifu ngoma, yule anaponda maneno. Hatimaye Roy, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Seleyian, maoni?"

Seleyian alichukua simu yake kutoka kwenye debe, akaipangusa pumba, akabonyeza kurekodi. Alisema wimbo wa pili ni mrefu bila sababu. Alisema kwenye wa saba gitaa limefunikwa na ngoma na Nzioka alirekebishe kabla albamu haijatoka. Sauti yake ilikuwa ile ile kali. Halafu akafika wa tano.

"Ya tano sina maoni," akasema. "Nyimbo imeita, na mwenye nyumba amejibu."

Akazima, akatuma.

Nzioka bado alikuwa amejiinamia. Mama alifungua thamosi, akamimina chai kwenye kifuniko chake, mvuke ukapanda kati ya magunia. Hakumpa binti yake wala mimi niliyekuwa karibu naye. Alimnyooshea Nzioka.

"Kunywa," akamwambia. "Leo haijapoa."