Shanga za Mfupa za Maman Sifa

Sisi watoto wa Kikongo tuliokulia Bruxelles miaka ile ya elfu mbili na kidogo tunajuana hata kabla ya kuulizana majina. Enzi zetu ulitembea na ufunguo wa nyumba shingoni, suruali mbili mwilini wakati wa baridi, na onyo la mama masikioni: ukifika nyumbani usimfungulie mtu. Pale Koekelberg tulicheza mpira kwenye nyasi za mbele ya Basilika mpaka mabegi ya shule, ambayo ndiyo yalikuwa magoli, yakalowa na madaftari yake. Wasichana tuliruka elastiki uani. Jumamosi tulikula frites, chipsi za Kibelgiji, tukiwa tunatembea, vidole vimekufa ganzi, na nyumbani sombe ya majani ya muhogo ilichemka mpaka jirani wa juu akafungua madirisha yote kwa makusudi ili tumuone. Watoto wa siku hizi wanaagiza bukari, ugali wetu, kwa simu, kijana wa baiskeli anawaletea mlangoni, halafu wanalalamika kwamba imepoa.

Lakini nikisema utoto wangu ulikuwa mpira na frites nitakuwa nawadanganya. Kinachonijia kwanza ni kengele ya mlango. Kengele ikilia, mama alituvuta mimi na mdogo wangu Éli chini ya meza na kutuziba midomo, mpaka aliyepiga achoke na kwenda zake. Mara nyingi alikuwa mtu wa posta. Sikukuu za fataki tulizimaliza ndani ya beseni la kuogea, godoro juu yetu, mama juu ya godoro. Nilidhani kila familia inafanya hivyo. Siku moja shuleni nilimuuliza rafiki yangu wao hujificha wapi, naye akaniuliza, kujificha nini?

Tulitoka vijiji vya juu vya Bukavu, baba alibaki kule ardhini, na yaliyompata hayakuzungumzwa nyumbani kwetu. Aliyetupokea Bruxelles alikuwa Maman Bernadette, kiongozi wa kikundi cha maombi. Tulifika kwake na mfuko mmoja wa plastiki. Akatutafutia makoti, shule, nyumba, na akamtafutia mama kazi ya kufagia maofisi kule Schuman. Kila Alhamisi baada ya shule wamama wa kikundi walikaa sebuleni kwetu, wakaimba, wakalia, wakala. Kwa hiyo nikisema ninayotaka kusema, msimchukulie Maman Bernadette kuwa mtu mbaya. Bila yeye sijui tungekuwa wapi.

Kazini mama alifagia ghorofa moja na mwanamke wa Tibet aliyeitwa Dolma, naye mkimbizi. Kifaransa cha wote wawili kilikuwa kibovu, tena kila mmoja alikiharibu kwa namna yake, lakini walisikilizana. Asubuhi moja mlango mzito ulijipiga kwa upepo na mama akajikuta chini ya meza ya mkubwa fulani. Dolma hakucheka wala hakumwita msimamizi. Aliingia naye chini ya meza, akakaa, akavua shanga alizovaa mkononi na kumshikisha, akamwachia moja kwa moja. Mama alitusimulia huku anacheka, na kwetu sisi kicheko chake kilikuwa kitu kigeni.

Zile shanga Dolma aliziita mala. Zilikuwa za mfupa, nyeupe iliyogeuka manjano kwa kushikwa, na mwisho wake ushanga mmoja mkubwa wenye kishada chekundu. Mama alikuwa amekulia kwenye rozari kabla ya kuingia kanisa la walokole, hivyo vidole vyake havikuhitaji kufundishwa sana. Unavuta ushanga mmoja kwa kidole gumba, unavuta pumzi, unaitoa, unasema neno lako. Ukifika kwenye ule mkubwa huuvuki, unageuza na kurudi ulikotoka. Dolma alikuwa na maneno ya dini yake lakini alimwambia mama atafute ya kwake. Mama akachagua mawili: niko hapa.

Basi kila alasiri tukirudi shuleni tulimkuta kwenye kiti cha jikoni, mgongo kwenye radiateur ya kupashia nyumba joto, macho yamefumbwa nusu. Niko hapa. Niko hapa. Éli alikuwa akimwigiza na punje za maharage.

"Sifa, ondosha huyu mutoto," mama alisema bila kufumbua macho. "Nimalize kwanza, alors nitabapatia chakula."

Ule mwaka ndio utoto wangu ninaoulilia. Kengele ililia na mama akaenda kufungua. Alianza kutusuka nywele akiwa anaimba, akatupeleka msituni Auderghem kuokota majani makubwa, na siku ya fataki alisimama nasi dirishani, shanga mkononi, jasho usoni, lakini alisimama. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilielewa kwamba kitu kimetushika tusianguke.

Halafu ikaja Alhamisi moja. Binti wa kikundi alikuwa amenyimwa makaratasi ya ukaazi kwa mara nyingine baada ya maombi mengi na kufunga kwingi, na wamama walikaa sebuleni wakitafuta mlango ambao shetani ameingilia. Maman Bernadette alikwenda jikoni kuchukua maji. Alirudi ameshika shanga kwa ncha za vidole.

"Maman Sifa, hii kintu balikupatia wapi?"

"Ni ya mwenzangu wa kazi. Ni ya kupumua tu, maman."

"Kupumua? Mungu alikupatia pua, donc mifupa ni ya nini?" Akaisogeza karibu na macho. "Na ni mifupa ya nani?"

"Ya ngombe. Ya kwabo kule ku milima."

"Uliona huyo ngombe, weye?"

Mtu wa kwetu anajua maana ya mfupa uliotobolewa, ukatiwa uzi mwekundu na kuwekwa ndani ya nyumba. Mtu wa kwetu haulizi mara mbili. Pale sebuleni kila mmoja alianza kukumbuka balaa lake la mwaka ule, nani mimba ilitoka, nani alifukuzwa kazi, na balaa zote zikapata mahali pa kukaa. Maman Bernadette alilia kweli, alimkumbatia mama na kumwambia hatukuachi, tutakufungua vifungo. Nilimtazama mama. Nilitaka aseme hapana. Lakini hao ndio walikuwa ndugu zake, hakuwa na wengine duniani, na mtu hawezi kukaa peke yake Bruxelles na shanga. Akasema, "Sawa, maman. Muichome."

Walizichomea uani, ndani ya sufuria yetu kuukuu ya bukari, wakamwagia spiriti. Kishada kiliondoka mara moja. Mfupa haukutaka. Uligeuka mweusi, ukapasuka, na moshi wake ukatanda uani pote, mzito, wa mafuta. Wamama waliimba kwa nguvu zaidi. Mama aliimba nao, amenishika mkono, kisha akaacha kuimba.

"Banachoma bantu," alisema taratibu, kama anayetoa habari.

Hakuna aliyemsikia ila mimi. Akakaa chini kwenye sementi, akafunika pua kwa kitenge, na kutoka hapo hakurudi tena kuwa yule wa ule mwaka. Harufu ile aliijua. Aliikimbia kutoka Bukavu mpaka Ubelgiji, nayo ikamkuta uani kwake mchana kweupe, imeletwa na watu wanaompenda.

Kazini hakurudi. Chini ya meza hakutoka mpaka wakaja watu wa ambulansi. Sisi tukahamia kwa Maman Bernadette, akatulea, akatuvisha, hatukulala njaa hata siku moja, na alifunga kwa ajili ya mama mpaka akakonda. Dolma alikuja mara moja kumuulizia, amebeba bakuli la maandazi yao ya nyama. Maman Bernadette alimshukuru vizuri sana mlangoni, akafunga mlango, akayamwaga yote kwenye pipa. Yalinukia vizuri. Nilimchukia siku ile, na jioni akanisuka nywele nikalala mapajani mwake.

Leo hii mala zinauzwa Bruxelles pembeni ya sabuni. Mabinti wa kanisa lile lile wanazivaa mikononi wakiwa kwenye kwaya, wanapiga picha wamefumba macho, na simu ndiyo inawaambia sasa vuta pumzi, sasa toa. Kijana analipia mashine imkumbushe kupumua, sisi tunacheka, sawa. Hakuna anayewauliza mfupa wa nani. Hakuna anayeleta sufuria. Mchungaji mwenyewe siku hizi anahubiri habari za afya ya akili, anamkaribisha mtaalamu, na watu wanaandika pembeni mwa Biblia zao.

Mama anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mwaka jana nilimnunulia mala nyingine, ya mbao, niliinusa dukani kwanza, haina harufu yoyote. Nikaiweka juu ya blanketi lake. Aliitazama kwa muda mrefu, na kidole chake gumba kikaanza kusogea chenyewe. Kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Ifiche, Sifa. Maman Bernadette atakuja kuiona."

Maman Bernadette tulimzika zamani. Nilimwambia hivyo, nikamwambia tena. Bruxelles nzima inaruhusiwa sasa, mama, nilimwambia, kila mtu anaruhusiwa kuzivaa. Aliendelea kukalia mikono yake na kuutazama mlango.